Uchaguzi Hupita, Jirani Hubaki

Somo la redio kwa jumuiya za Wakristu wa Musonoi na vijiji vya Lualaba



Katika masomo yaliyopita tulijifunza amri ya kumpenda jirani. Amri hiyo ni rahisi kuitamka siku za amani. Leo tutaitazama katika majira ambayo ni vigumu kuishika, yaani majira ya uchaguzi. Ulizo letu ni hili: Jumuiya ya Wakristu yaweza kufanya nini ili watu wake wapite katika siku hizo pasipo kupoteza imani, wala ukweli, wala jirani?

Katiba ya nchi yetu ya Kongo yaagiza uchaguzi wa Rais kila baada ya miaka 5. Tumepiga kura mwaka 2006, mwaka 2011, mwaka 2018 na mwaka 2023. Kila mara mambo hufanana. Magari yenye vipaza sauti hupita, vitenge vyenye picha hugawiwa, na habari za kutisha hupita usiku kutoka simu hata simu. Watu wawili waliochota maji katika bomba moja kwa miaka mingi huanza kusalimiana kwa kifupi, kisha huacha kusalimiana. Hapo ndipo kazi ya jumuiya inapoanza. Tusingoje mpaka mawe yarushwe.

SISI NI WATU GANI?

Kwanza tujitazame wenyewe. Nchi hii ya Lualaba ina wenyeji wake, wenye masultani wao na makaburi ya wazee wao, na haki yao yastahili heshima. Lakini Musonoi, makao ya wafanyakazi, ilijengwa na kampuni ya Union Minière kwa ajili ya machimbo ya shaba. Kampuni ilihitaji mikono mingi. Mwaka 1928 njia ya reli iliyopita Kasai ilikamilika, na kwa reli hiyo watu wengi waliletwa Katanga kufanya kazi, pamoja na wake zao. Kwa hiyo katika mtaa mmoja waliishi Waluba wa Kasai na Waluba wa Katanga, Walunda, Wasanga, Wachokwe, Wasongye na wengine. Watoto wao walicheza pamoja, wakasema Kiswahili kimoja, wakabatizwa katika maji yale yale.

Tena, hapa hapa kando ya Kolwezi, Padri Placide Tempels, Mfransisko, alifanya kazi miaka ya 1950 mpaka mwaka 1962. Wafanyakazi na wake zao walikusanyika naye, na chama chao kikaitwa Jamaa. Walijifunza juu ya uzima, uzazi na mapendo. Watu wa makabila mbalimbali waliitana baba na mama, wakala katika nyumba moja. Baadaye vikundi vingine vilipotoka, na maaskofu wakalazimika kuonya. Lakini lile lililokuwa jema lisisahauliwe: kwamba mtu wa kabila lingine aweza kuwa ndugu wa kweli kwa sababu ya Kristu. Jambo hili halikuletwa kwetu katika kitabu cha mbali. Wazee wetu waliliishi katika nyumba hizi.

YALIYOTUPATA MIAKA YA 1992 NA 1993

Sasa, ndugu zangu, imetupasa kukumbuka jambo la uchungu. Hatulikumbuki ili tulipize kisasi, bali ili lisirudi.

Tarehe 15 Agosti 1992, wajumbe wa Konferensi ya Taifa kule Kinshasa walimchagua Étienne Tshisekedi wa Mulumba, mtu wa Kasai, kuwa Waziri Mkuu. Aliyekiacha kiti hicho alikuwa Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga, ambayo wakati ule iliitwa Shaba. Wajumbe walipiga kura mbali na sisi. Mtu wa Kasai aliyekuwa akifanya kazi Likasi au Kolwezi hakupiga kura ile, wala jirani yake Mkatanga hakuipiga. Hata hivyo hasira ya kura ile iliwaangukia.

Ilianzaje? Ilianza kwa maneno. Wakubwa walisema mbele ya makutano kwamba watu wa Kasai ndio waliokula kazi za wenyeji. Kisha wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Fikirini vema jambo hili. Mtu akiitwa mtu, mkono huogopa kumpiga. Akiitwa mdudu, mguu hautaona haya kumkanyaga. Kabla ya jiwe hutangulia neno.

Fujo zilianza Likasi mwaka 1992, na mwezi wa Machi 1993 zikafika Kolwezi. Makumi ya maelfu ya watu walifukuzwa katika nyumba zao na kazi zao, na wengi wao walizaliwa hapa hapa, wasiijue Kasai ila kwa jina. Walilala katika vituo vya reli na mahali pengine pa wazi, wakingoja treni ambayo haikuja upesi. Wengi walikufa kwa magonjwa na njaa, hasa watoto. Reli ile ile iliyowaleta babu zao ndiyo iliyowarudisha wajukuu, nao hawakuwa na kitu mikononi.

Je, waliobaki walipata faida? Tutazame. Mgodi wa chini wa Kamoto ulikuwa umebomoka mwaka 1990, na kampuni ya Gécamines ilikuwa imeanza kuanguka. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Katikati ya miaka ya 1990 haikufikia tani 50,000. Sababu zake zilikuwa nyingi, lakini ukweli ni wazi: kumfukuza jirani hakukuongeza hata tani moja. Mafundi waliondoka, walimu waliondoka, wauguzi waliondoka, na njaa ikabaki kwa wote. Ndivyo wasemavyo wazee: Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Katika miaka hii tena watu wengi wanatoka Kasai na mikoa mingine kuja Kolwezi kutafuta kazi machimboni. Tena, katika uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, mgombea mmoja mkubwa alikuwa wa asili ya Kasai, na mwingine wa Katanga. Kwa hiyo somo hili si hadithi ya zamani tu.

MITUME WALIFANYAJE?

Fungueni kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6. Katika Eklezia ya kwanza, kule Yerusalemu, kulikuwa na Wakristu wa lugha ya Kiebrania, waliokuwa wenyeji, na Wakristu wa lugha ya Kigiriki, waliotoka mbali. Hao wa pili walinung'unika kwamba wajane wao walisahauliwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku. Tazameni: hata katika jumuiya iliyoongozwa na Mitume, manung'uniko ya lugha na kabila yalitokea. Tusishangae yakitokea kwetu.

Mitume hawakuwaambia wageni wanyamaze. Waliwaita wanafunzi wote, wakawataka wachague watu 7. Je, wawe wa ukoo gani? Mitume hawakutaja ukoo. Walitaka watu wenye sifa njema, waliojaa Roho Mtakatifu na hekima. Basi wanafunzi walichagua, na majina ya wale 7 yote ni ya Kigiriki: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Mkutano uliwakabidhi chakula cha wote watu wenye majina ya wale walionung'unika. Kisha Mitume wakasali, wakaweka mikono juu yao, na wanafunzi wakazidi kuongezeka.

Hapa twapata mafundisho matatu. La kwanza: lalamiko la mdogo lisikilizwe upesi, kabla halijawa chuki. La pili: mtu achaguliwe kwa tabia yake. La tatu: anayechaguliwa huchaguliwa kwa kuhudumia meza ya wote, hata meza ya wale wasiomjua.

KABLA YA KURA

Sasa tuseme kazi zenyewe. Kabla ya siku ya kura, jumuiya ina kazi nne.

Kazi ya kwanza ni kufundisha. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati juu ya Eklezia katika ulimwengu wa leo, iliyotolewa tarehe 7 Desemba 1965, wafundisha kwamba raia wana haki na wajibu wa kupiga kura kwa uhuru kwa ajili ya manufaa ya wote, na kwamba Eklezia haifungwi na chama cho chote. Basi katekista aeleze namna ya kupiga kura, asiseme nani apigiwe. Awaambie watu waitunze kadi ya mchaguzi na wasimpe mtu mwingine, hata mdai wa deni. Awaeleze pia kwamba tangu Katiba ilipobadilishwa mwaka 2011, Rais huchaguliwa kwa duru moja tu: anayepata kura nyingi kuliko wengine ameshinda, hata asipofikia nusu.

Kazi ya pili ni kulinda altare. Mgombea akija Misani, na aje kama Mkristu mwingine, apige magoti kama wengine. Asipewe nafasi ya kuhutubia, wala zawadi yake isitangazwe kwa makofi. Sheria ya Eklezia yawakataza mapadri kushika madaraka ya utawala wa serikali na kufanya kazi katika vyama vya siasa. Mlei aweza kugombea, na kazi hiyo ni njema akiifanya kwa haki. Lakini katekista au kiongozi wa jumuiya anayegombea, yafaa aweke huduma yake kando kwanza, ili watu wasichanganye Injili na kura.

Kazi ya tatu ni kulinda ulimi. Amri ya 8 yakataza kumshuhudia jirani uongo. Habari ya kutisha ikikufikia, kwa mdomo au kwa simu, ujiulize mambo matatu: Nani ameliona jambo hili kwa macho? Limetokea wapi na lini? Nikilieneza, nani ataumia? Usipopata jibu, lizike neno hilo moyoni mwako. Neno likifa kwako, halitaua mtu. Na jina la matusi juu ya kabila lo lote lisitamkwe katika jumuiya, hata kwa mzaha. Anayelitamka aonywe kwa upole siku ile ile, kwa maana tumeona linakokwenda.

Kazi ya nne ni kuwalinda walio hatarini. Kuna wa namna mbili. Wa kwanza ni jirani aliye mgeni au mchache. Kila jamaa ya Wakristu ichague jamaa moja ya kabila lingine, iitembelee kila juma. Kubisha hodi jioni na kuuliza, "Mmeshindaje?" ni jambo dogo, lakini mtaa mzima huona kwamba nyumba ile ina rafiki. Wa pili ni vijana. Wengi hawana kazi, au hushinda katika mashimo ya machimbo wasipate kitu. Wapo watu watakaowapa pombe na franka ili wavuruge mkutano wa mwingine. Wazee wawaite vijana hao mapema, wawape kazi ya heshima: kulinda amani ya mtaa, kuwasaidia vizee, kujifunza kazi ya utazamaji wa uchaguzi. Wawaambie pia ukweli huu: Yule anayekulipa leo ili urushe jiwe hatakuja kesho kukutazama gerezani.

SIKU YA KURA NA SIKU ZA KUNGOJA

Siku ya kura, Wakristu wawasindikize wagonjwa, wajawazito na vizee. Mtu asiyeweza kupiga kura peke yake ana haki ya kumchagua mwenyewe wa kumsaidia. Msaidizi huyo afanye kama alivyoagizwa, kisha anyamaze. Kumgeuzia kipofu kura yake ni wizi, na amri ya 7 yakataza wizi.

Eklezia yenyewe hutuma watazamaji. Mwaka 2018 Baraza la Maaskofu wa Kongo lilituma watazamaji wapatao 40,000 katika nchi yote, na mwaka 2023 lilifanya kazi hiyo pamoja na Waprotestanti. Mtazamaji hapigani na mtu. Hutazama, huandika, hutoa habari. Kwa sheria, matokeo ya kila chumba cha kura hubandikwa hapo hapo, na raia aweza kuyasoma kwa macho yake mwenyewe. Kuyasoma hivyo ni dawa kubwa ya uvumi.

Kisha huja siku za kungoja, nazo ndizo za hatari kuliko zote. Mwaka 2018 tulipiga kura tarehe 30 Desemba, na matokeo ya kwanza yakatangazwa usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari 2019. Katika siku hizo intaneti ilizimwa, na uvumi ukachukua nafasi ya habari. Mwaka 2023 tulingoja tangu tarehe 20 hata tarehe 31 Desemba. Baada ya hapo ni lazima Mahakama ya Katiba ithibitishe. Basi jumuiya isiwaache watu peke yao siku hizo. Wakusanyike jioni kwa Rozari, wakiwa na watu wa vyama vyote. Anayesali pamoja na jirani saa 12 jioni atakuwa na haya kumtupia jiwe saa 2 usiku.

Wengine huuliza: Je, matokeo yasipolingana na kura, Mkristu anyamaze? Sivyo. Mwezi wa Januari 2019 Baraza la Maaskofu lilisema waziwazi kwamba matokeo yaliyotangazwa hayakulingana na habari zilizokusanywa na watazamaji wake. Lakini katika neno lile lile liliwaomba watu wasifanye fujo. Tuige mfano huo. Kweli isemwe mchana, mbele ya mahakama na mbele ya watu, pasipo jiwe mkononi. Amani isiyo na kweli ni usingizi, na kweli inayosemwa kwa kuchoma nyumba ya maskini imepoteza jina lake.

BAADA YA UCHAGUZI

Aliyeshinda asicheze ngoma mbele ya mlango wa aliyeshindwa. Aliyeshindwa asimnunie mwuza unga wala mwalimu wa watoto wake. Jumapili ya kwanza baada ya matokeo, wawili walioacha kusalimiana na wapeane amani katika Misa, na aliyemkosea mwenzake aende kumwomba msamaha nyumbani kwake kabla ya kuja kukomunika. Aliyepokea fedha kwa kuuza kura yake aungame. Aliyeeneza uongo aende kwa wale aliowaambia, aseme, "Neno lile halikuwa kweli."

Mchaguliwa ataenda Kolwezi au Kinshasa, na pengine hatutamwona tena kwa miaka 5. Lakini mtoto akishikwa na homa usiku, atakayekusaidia kumbeba mpaka hospitalini ni yule wa nyumba ya pili.

MAULIZO NA MAJIBU

Ulizo: Kupiga kura ni kazi ya Mkristu?
Jibu: Ndiyo. Ni haki yake na wajibu wake, kwa ajili ya mema ya watu wote.

Ulizo: Padri aweza kuniambia nimpigie nani?
Jibu: Hapana. Padri hufundisha dhamiri yangu, lakini kura ni yangu.

Ulizo: Nimepokea kitenge na chumvi, nikaahidi kumpigia aliyenipa. Je, nimefungwa na ahadi hiyo?
Jibu: Hapana. Ahadi ya kuuza dhamiri haimfungi mtu. Nitubu kwa kuiuza, kisha nichague kwa haki.

Ulizo: Amri gani huvunjwa upesi wakati wa uchaguzi?
Jibu: Amri ya 8, kwa uongo. Ikivunjwa hiyo, amri ya 5, isemayo tusiue, imo hatarini.

Ulizo: Mitume walimalizaje manung'uniko ya lugha na kabila?
Jibu: Waliyasikiliza, wakawaita wote, wakataka wachaguliwe watu wenye sifa njema wa kuhudumia meza ya wote.

Ulizo: Nifanye nini jirani yangu akitishwa kwa sababu ya kabila lake?
Jibu: Nisimwache peke yake. Nimtembelee, niwaarifu viongozi wa jumuiya na wa serikali, na ikiwa lazima, nimfungulie mlango wangu.

KUSUDI LA JUMA HILI

Kila mmoja amtaje moyoni jirani mmoja ambaye hafikiri kama yeye, wala si wa kabila lake. Kabla ya Jumapili ijayo, aende kumsalimu nyumbani kwake.

TUSALI

Ee Mungu Baba, uliyetuweka watu wa makabila mengi katika nchi moja, linda ndimi zetu zisiseme uongo, na mikono yetu isishike jiwe. Uwape nchi yetu viongozi wenye haki. Uwapumzishe kwa amani wote waliokufa njiani na katika vituo vya reli. Na majira haya yakiisha, utukute tungali jirani. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.